Piano Isiyo na Kitufe

Mtandao ulipozama tena, Kiragu aliacha kiti chake akasimama katikati ya saiba yake, duka lake la intaneti, mikono kiunoni. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwaka wa elfu mbili na sita, na kila kiti kilikuwa na mtu. Nje, malori ya mawe yalinguruma kuelekea barabara ya Namanga, na vumbi la Kitengela liliingia mlangoni pamoja na wateja.

"Nani anakula neti yangu?" Kiragu aliuliza. "Kuna mtu hapa anatuma nyumba nzima na mabati yake."

Watu walicheka. Mama mmoja aliyekuwa karibu na dirisha hakucheka. "Mimi natafuta barua moja tu ya kazi tangu asubuhi," alisema, "na hii mashine inazunguka tu kama mlevi."

Kiragu alipita nyuma ya viti akichungulia skrini moja baada ya nyingine, mpaka akafika kona ya mwisho. Hapo alisimama.

"Ni huyu. Na huyu pia. Haya, nyinyi wawili mnatuma nini?"

"Muziki," walijibu kwa pamoja, kisha kila mmoja akageuka kumtazama jirani yake.

Mwanamke alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya maziwa na sketi ya kitenge cha samawati, nywele zake zimesukwa mistari myembamba iliyokusanywa kisogoni. Mwanamume alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, lakini nyusi zake zilikuwa na unga mweupe wa mawe, kama mtu aliyetoka kwenye kinu. Kwenye skrini zao kulikuwa na ukurasa mmoja, wa kijani kibichi, wenye picha ya vibao vya piano juu yake.

Ukurasa ule ulikuwa wa kikundi kilichoitwa Vidole Kumi. Wanachama wake walikuwa watu wa kawaida waliopenda piano na vinanda bila kuwa mabingwa: karani wa Nakuru, nesi wa Machakos, mwalimu mmoja mstaafu wa Kisumu aliyeitwa Ouko, ambaye ndiye aliyekianzisha. Kila mmoja alijirekodi nyumbani au kanisani, akatuma, na wengine wakamsikiliza na kumtia moyo. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana.

"Wewe ndiye Kalekye wa Kajiado?" mwanamume aliuliza. "Mimi nilidhani Kalekye ni mama mzee wa miwani. Unacheza polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto."

"Na wewe ndiye Gakuru. Mimi nilijua tu Gakuru ni mtu wa maringo. Nimeona sikukosea."

"Mkimaliza kuchumbiana," Kiragu alisema, "mtume hiyo mizigo yenu kwa zamu. Saiba si yenu peke yenu."

Gakuru alisukuma kiti chake nyuma. "Tangulia wewe," alimwambia Kalekye. "Nikikutangulia watu watasikia yangu kwanza, halafu yako itaonekana imelala."

"Aki wewe," Kalekye alisema, akajikuta anacheka.

Baadaye walikunywa chai katika hoteli ya jirani, chai ya maziwa mengi na mandazi ya moto. Kalekye alimweleza kwamba anafanya kazi katika duka la dawa za mifugo mjini Kajiado, na kwamba alikuwa amekuja Kitengela kuchukua chanjo ya kuku. Gakuru alikuwa muuzaji wa mawe ya kujengea. Uwanja wake ulikuwa kando ya barabara kuu, na Jumapili alipiga kibodi, kinanda cha umeme, kanisani.

"Nani alikufundisha?" Kalekye aliuliza.

"Masikio yangu. Na wewe?"

"Mke wa mmisionari, kwa kitabu. Mama yangu alikuwa mfagiaji wa kanisa letu. Yeye akipangusa piano vumbi, mimi nilikuwa nakalishwa hapo nisisumbue. Lakini mimi bila karatasi siwezi. Ukiniondolea kitabu mbele, nimekuwa kipofu."

"Na mimi ukiniwekea kitabu mbele, nimekuwa kipofu," Gakuru alisema. "Basi tukioana tutatengeneza mtu mmoja mzima."

Alisema kwa utani. Lakini alipokwisha kusema, aliangalia kikombe chake kwa muda mrefu kuliko chai ilivyostahili.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja kuhusu uchezaji wa Gakuru, maana hadithi yote imesimama juu yake. Wapiga kibodi wengi wa makanisa yetu hujifunza wenyewe, na hujifunza njia moja tu. Gakuru alijua vibao vyeupe, akianzia pale wanapoita C. Mwimbaji akianza juu zaidi au chini zaidi, hakuhamisha vidole. Alibonyeza kitufe, na kibodi yenyewe ikapandisha au ikashusha sauti, huku vidole vyake vikiendelea kukanyaga mahali palepale. Waumini hawakujua tofauti, na kwa kweli hakukuwa na ubaya wowote.

Ubaya uliingia polepole. Katika Vidole Kumi watu walisikia rekodi zake, huu wimbo katika ufunguo huu, ule katika mwingine, nao wakastaajabu. Mwalimu Ouko aliwahi kuandika: "Ndugu yetu wa Kitengela anatembea katika flati tano, kwenye vibao vyeusi vyote, kama mtu aliye uani kwake. Vijana, mwigeni." Gakuru aliisoma sifa hiyo mara nyingi. Alikusudia kujibu kwamba ni kitufe tu. Mtu aliyejifunza mwenyewe hana cheti cha kutundika ukutani. Sifa ndiyo cheti chake, na ni vigumu kuirudisha. Hakujibu.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Kalekye alikuwa akimbipu mara moja akifunga duka, naye Gakuru anapiga.

"Umekula, mrembo?"

"Sijakula. Nimeuza dawa ya kupe siku nzima, mikono yangu inanuka. Wewe?"

"Mimi nimeshiba tangu nilipoona namba yako."

"Hebu wacha uongo. Nasikia ukitafuna."

"Ni mahindi. Hayahesabiwi kama chakula."

Ilipopita miezi michache, Gakuru alianza kwenda Kajiado kila Jumapili baada ya ibada yake. Siku ya kwanza alivaa suti ya kijivu na tai ya zambarau, na Kalekye akamwambia amependeza kama bwana harusi aliyepotea njia. Alimpeleka kwenye kanisa kongwe la mawe, lenye mapaa ya mabati mekundu na lisilokuwa na umeme. Piano ilikuwa kando ya mimbari, ya mti mweusi, ndefu kwenda juu, imetoka ng'ambo zamani za wamisionari.

"Nichezee," Kalekye alisema.

Gakuru aliketi. Alicheza wimbo mmoja wa tenzi kwa vibao vyeupe, akaupamba kwa mkono wa kushoto mpaka madirisha yakatetemeka. Ilikuwa nzuri kweli. Alipomaliza, walisikia mtu akipiga makofi polepole mlangoni. Alikuwa Kavutha, mama yake Kalekye, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha maua kichwani na kingine shingoni, ijapokuwa kulikuwa na joto.

"Huyu ndiye?" aliuliza, kwa sauti iliyokwaruza.

"Ndiye, mwaitu," Kalekye alijibu, maana Wakamba humwita mama hivyo.

"Basi nimepata mtu wangu," Kavutha alisema.

Kitambaa kile cha shingoni kilificha uvimbe. Walikuwa wameuchunguza Nairobi, na madaktari walikuwa wamesema wazi: sanduku la sauti lingetolewa lote. Angeishi, Mungu akipenda, lakini hangezungumza tena, wala kuimba. Tangu aambiwe hivyo, Kavutha alikuwa akitunga wimbo. Hakuutunga kwa karatasi. Aliutunga akifua, akipika, akitembea kwenda dukani na kusalimiana na majirani wake Wamaasai, "Sopa", "Epa", kisha akaendelea kuutunga. Aliuimba kwa siri, na hata Kalekye alikuwa amesikia vipande tu. Ombi lake lilikuwa moja: kabla ya kulazwa, auimbe wote ndani ya kanisa, na ile piano, na Kalekye aurekodi auweke kwenye Vidole Kumi, ili sauti yake ibaki mahali.

"Nimeipangusa hiyo piano miaka mingi," alimwambia Gakuru wakinywa chai nyumbani. "Imeimba na wazungu, imeimba na wachungaji, imeimba na maharusi. Haijawahi kuimba na mimi. Kalekye wangu anataka karatasi, na wimbo wangu hauna karatasi. Wewe unafuata mtu anakokwenda. Utanifuata?"

"Nitakufuata, Mama," Gakuru alisema.

Kavutha alimwimbia ubeti mmoja palepale, mkono wake umeshika koo. Sauti ilikuwa imeshuka, nzito, imebaki na ngazi chache tu. Haikuweza kupanda wala kushuka zaidi ya pale ilipojichagulia.

"Huo mwingine nitauimba kanisani," alisema akihema. "Unageuka. Si kama huu. Mwisho wake ndio mzuri."

"Rekodi basi huo ubeti," Kalekye alimhimiza Gakuru. "Uko na simu."

"Mimi sirekodi, mimi nashika," Gakuru alisema akigusa sikio lake. "Tutarekodi siku yenyewe."

Jioni ile alifika kanisani kwake Kitengela, akawasha kibodi na kutafuta sauti ya Kavutha. Aliipata. Alibonyeza kitufe, akaucheza ubeti wote bila kosa. Kisha alirudisha kitufe mahali pake akajaribu kuucheza kwa vidole tu, palepale ambapo mama yule alikuwa ameimba. Ilikuwa katikati ya vibao vyeusi. Vidole vyake viligongana kama watu gizani.

Alijaribu siku iliyofuata, na iliyofuata. Wateja wa mawe walimkuta akigonga meza kwa vidole, midomo ikichezacheza. Alimpigia Kalekye simu.

"Mpenzi, si nibebe tu kibodi? Nikodishe na jenereta ndogo."

"Kibodi? Gakuru, mama amepangusa hiyo piano maisha yake yote, halafu umletee kibodi na kelele ya jenereta?" Alicheka. "Kwani mtu wa flati tano anaogopa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja tu, naye Kalekye angejua la kufanya.

"Siogopi kitu," Gakuru alisema.

Jumapili waliyopanga ilipofika, alivaa suti ya kijivu. Alishuka Kajiado mapema, akatembea mpaka kwenye ua wa michongoma nyuma ya kanisa. Kutoka hapo aliweza kumwona Kavutha kupitia mlango uliofunguliwa. Alikuwa amevaa gauni jipya la kijani, na alikuwa akiipangusa piano kwa kitambaa kikavu, kibao kimoja kimoja, ingawa haikuwa na vumbi. Kalekye alikuwa akipanga kinasa sauti kidogo juu ya kiti.

Gakuru alisimama pale mpaka jua likamchoma kisogo. Aliona jinsi ambavyo angeketi, jinsi mama yule angeanza, na jinsi vidole vyake vingemwangusha mbele ya binti yake, na rekodi ingeenda kwa Mwalimu Ouko na wote wengine. Kisha aligeuka akarudi kituoni. Alimtumia Kalekye ujumbe: "Lori limekwama machimboni, mtu ameumia. Siwezi kufika. Nisamehe." Akazima simu.

Ndani ya kanisa walingoja, kwa sababu Kavutha alikataa kuanza bila piano. Alisema lori likikwamuliwa, kijana atakuja. Mchana ulipopita kabisa, Kalekye aliketi mwenyewe kwenye piano. Alitafuta sauti ya mama yake, akakosa, akatafuta tena. Kavutha alianza mara mbili, na mara zote mbili piano ilimpeleka pasipo pake, akapoteza njia. Mara ya tatu alianza kukohoa. Alikohoa mpaka akaketi chini, kwenye sakafu aliyokuwa akiifagia zamani.

"Imba tu bila piano, mwaitu, tafadhali," Kalekye alimwambia. "Imba nikurekodi."

Kavutha alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa pumzi. Alitikisa kichwa. "Basi," alinong'ona.

Kesho yake walimlaza Nairobi, na baada ya upasuaji hakukuwa na sauti tena.

Kalekye angeweza kuliamini lori. Lakini binamu yake Evalyne, ambaye aliuza simu na kadi karibu na kituo cha Kajiado, alimwambia bila kujua anachomwambia: "Lakini nilimwona Gakuru Jumapili. Alikuwa na ile suti ya kijivu. Alipanda gari la kurudi, hata hakunisalimu."

Kalekye alihesabu mambo kwa njia yake. Bila shaka mtu huyu alikuja mpaka mlangoni, akatazama ndani, akaona mama mwenye uvimbe shingoni, akaondoka. Mara ya kwanza kitambaa kilikuwa kimefungwa vizuri. Siku ile, kwa sababu ya joto, Kavutha alikuwa amekifungua. Basi ni kinyaa. Alimwonea mama kinyaa.

Gakuru alipopiga simu, hakumruhusu kumaliza salamu.

"Mtu wako aliumia sana?" Kalekye aliuliza.

"Mtu gani?"

"Wa lori."

"Ah. Hapana, si sana. Kalekye, nataka kuja nikueleze..."

"Nimeelezwa. Usije kwetu. Na usimtumie mama yangu salamu, hana sauti ya kukujibu."

Hakupokea simu yake tena. Alijiondoa Vidole Kumi bila kuaga.

Gakuru alifanya kile ambacho angepaswa kukifanya miaka mingi iliyopita. Alifunika kitufe cha kibodi kwa kipande cha utepe wa gundi, akaanza upya kama mtoto. Kisha aliandika kwenye Vidole Kumi kwamba sifa zake zote zilikuwa za mashine, kwamba yeye alijua njia moja tu, na kwamba uongo huo ulikuwa umemnyima mama mmoja kitu ambacho hakirudi. Alituma na rekodi ya kwanza aliyocheza kwa vidole tu. Ilikuwa mbaya.

Mwalimu Ouko alimpigia simu.

"Nimekusikia ukianguka kila mahali," mzee alisema. "Nimefurahi."

"Unanicheka, Mwalimu."

"Nacheka kidogo. Mkono wa kushoto uache kukimbia. Tuma tena wiki ijayo. Na huyo msichana, umemwambia yeye, au umetuambia sisi?"

Gakuru alifanya mazoezi mpaka mvua za mwaka mpya zikaja na kupita. Nesi wa Machakos alimwandikia kwamba sasa anasikia mtu, si mashine. Siku alipoweza kuucheza ubeti wa Kavutha mahali pake penyewe, bila kusita, alipanda gari kwenda Kajiado bila suti na bila kupiga simu.

Alimkuta Kalekye dukani, akimpimia mzee mmoja dawa ya mbuzi. Alikuwa amekonda, na alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Alimhudumia mzee mpaka akamaliza.

"Unataka dawa gani?" alimuuliza Gakuru.

"Sikumwonea mama yako kinyaa," Gakuru alisema. Evalyne alikuwa amemwambia pale kituoni anachodhaniwa. "Sikujua kucheza pale. Sijawahi kujua. Ni kitufe, Kalekye. Kile cha kibodi. Kwenye piano yenu hakuna kitufe. Nilisimama kwenye ua nikamwona akiipangusa, nikaogopa aibu."

Kalekye hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayebeba kitu na kupewa kingine cha kubeba juu yake.

"Kitufe," alisema.

"Kitufe."

"Na mimi nimekuwa nikikulaani usiku na mchana kwa jambo ambalo hukufanya." Aliweka kizibo juu ya chupa. "Njoo. Yeye ndiye wa kuambiwa, si mimi."

Kavutha alimsikiliza Gakuru mpaka mwisho. Shingoni alikuwa na tundu dogo lililofunikwa kwa shashi. Alipomaliza kusikia, mabega yake yalianza kutikisika, na Gakuru akadhani analia, mpaka alipoona uso. Alikuwa akicheka, bila sauti yoyote. Kisha alisimama akachukua shali yake, akaonyesha kanisani.

Gakuru aliucheza ubeti wa kwanza. Ulikuwa umetulia, palepale alipokuwa akiimba. Midomo ya Kavutha ilitembea na maneno mpaka ubeti ukaisha. Kisha aliinua mkono: endelea.

"Sijui mbele, Mama," Gakuru alisema. "Hukuniimbia."

Mkono ulibaki hewani. Maneno Kavutha angeweza kuyaandika, na aliyaandika. Lakini wimbo wenyewe ulikuwa ndani yake, na mlango ulikuwa umetolewa. Alijaribu kuutafuta kwa kidole chake kwenye vibao, akapotea mara moja. Ndipo Kalekye aliposema, "Muonyeshe kwa mkono, mwaitu. Juu au chini. Yeye atafute."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Gakuru aligonga kibao, Kavutha akipandisha kiganja, Gakuru alipanda; akishusha, alishuka; akifumba macho na kutikisa kichwa kwa kukubali, Kalekye aliandika noti ile kwenye karatasi. Siku ya kwanza walipata mstari mmoja tu. Walirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Chai ilirudi mezani, na utani nao ukarudi kidogo.

"Unabonyeza kama unapima mawe," Kalekye alimwambia siku moja.

"Na wewe unaandika kama unaandika risiti ya chanjo."

Kavutha aliwapiga wote wawili begani kwa kitambaa chake cha vumbi, wafanye kazi.

Siku ile Kalekye alimsindikiza Gakuru mpaka kituoni, na njiani mkono wake uliingia katika mkono wa Gakuru. Gakuru alianza kutafuta maneno ya kuwaambia wajomba wa Kalekye atakapokuja kumchumbia.

Lakini ugonjwa ulikuwa umerudi. Kila Jumapili mkono wa Kavutha ulichoka mapema zaidi. Walikuwa wamepata ule mgeuko aliousema. Ulikuwa mzuri kuliko walivyotarajia, ulishuka mahali ambapo sikio lilingoja kupanda. Ulibaki mstari wa mwisho, ule aliousifu mwenyewe. Jumapili moja Gakuru aliucheza wimbo mpaka hapo, kinasa sauti cha Kalekye kikiwa wazi, kisha wakautafuta. Kavutha alipandisha kiganja. Gakuru alipanda. Alitikisa kichwa kwa kukataa, akashusha kidogo. Gakuru alishuka. Alikataa. Walitafuta mpaka kivuli cha msalaba wa dirishani kikafika ukutani. Kavutha alitabasamu, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Gakuru kuuzuia, akaufunga mfuniko wa piano kwa upole. Midomo yake ilisema, Jumapili.

Alifariki Ijumaa.

Walimzika Kajiado, kwa sababu alisema hapo ndipo alipofanya kazi. Piano haikubebwa makaburini, na hakuna aliyeuimba wimbo wake. Watu walipokuwa wakitawanyika, Gakuru alimkuta Kalekye kando ya tangi la maji la kanisa, akinawa udongo mikononi. Alikuwa na gauni jeusi na viatu vya mpira.

"Nataka kuja kwa wajomba zako," Gakuru alisema. "Si leo. Matanga yakiisha."

Kalekye alifunga mfereji.

"Usije, Gakuru."

"Hujanisamehe."

"Nimekusamehe dukani, siku ileile. Hata yeye alikusamehe, alicheka mpaka akachoka. Si hilo." Alijipangusa kwa ncha ya shali. "Ungeniambia huwezi, ningemwambia mama aimbe peke yake. Asubuhi ile alikuwa na sauti. Angeimba mpaka mwisho. Wewe ulikuwa pale kwenye ua, unamwona, unajua, ukaona afadhali yeye akose kuliko wewe uaibike. Siku mimi nitakuwa mgonjwa, utanificha nini?"

"Hakuna. Nimebadilika, Kalekye."

"Najua umebadilika. Nimekusikia ukicheza." Macho yake yalijaa, lakini sauti haikuvunjika. "Nakupenda. Wacha nikuambie hata hilo, nisije nikawa nimekuficha. Lakini kila ukiketi kwenye piano nitakuwa nangoja huo mstari. Siwezi kungoja maisha yangu yote ndani ya nyumba moja na wewe."

Gakuru alitaka kubishana, na alikuwa na maneno. Aliyaacha. Walisimama mpaka Evalyne akamwita Kalekye aje kugawa chakula cha wageni, naye akaenda.

Kabla ya mwisho wa mwaka Kalekye alipata kazi katika duka la dawa za mimea huko Loitokitok. Kabla ya kuhama alijiunga tena na Vidole Kumi, akatuma rekodi moja: wimbo wa mama yake, piano peke yake, uliochezwa na Gakuru Jumapili ile ya mwisho, huku kinasa sauti kikiwa wazi. Chini yake aliweka maneno ya Kavutha kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na jina la mtunzi.

Gakuru aliikuta pale saiba kwa Kiragu. Aliisikiliza kwa visikizio, uso wake umeelekea ukuta. Watu walikuwa wameanza kuandika. Nesi wa Machakos alisema amelia kazini. Karani wa Nakuru aliomba noti. Kisha Mwalimu Ouko, ambaye hakuwa amesimuliwa habari za mwisho, aliandika: "Binti yangu Kalekye, karibu tena nyumbani. Wimbo huu ni hazina. Ila faili imekatika kabla ya mstari wa mwisho. Tafadhali tuma tena tusikie mwisho wake."

Gakuru aliweka vidole kwenye vibonye ili ajibu. Alikuwa angali akitafuta pa kuanzia wakati jibu lilipotokea, limetoka Loitokitok.

"Haijakatika, Mwalimu. Huo ndio wote tulio nao."